Mwaka Niliokataa Pembe

Niliacha pombe na bangi kwa sababu ya kiti. Tulikuwa tumesimama katikati ya mibuni ya mama, nje kidogo ya Karatina, aliponieleza kwamba dada yangu, kitinda mimba wetu, amepata mchumba kutoka Kangema. Wazee wa mchumba wangekuja kwa ajili ya ruracio, siku ya mahari, na ilikuwa lazima mtu akae katika kiti cha marehemu baba ili awapokee. Mimi ndiye kifungua mimba. "Lakini sitaki mlevi akalie kile kiti," alisema mama, huku mikono yake ikiendelea kuchuma. "Ukija jinsi ulivyo leo, afadhali usije."

Sikukasirika. Nilikuwa nimekunywa asubuhi ili mikono itulie, na nilijua kwamba jioni ningevuta ili kichwa nacho kitulie. Nilimwambia kwamba nimesikia. Alidhani nimemjibu ili yaishe, na hata mimi nilidhani hivyo.

Tangu hapo watu kadhaa wameniuliza, kwa sauti ya chini, mtu atarajie nini akiacha. Wengi huuliza kwa niaba ya mume au ndugu, na wachache hujifanya wanauliza kwa niaba ya ndugu. Siwezi kusema litakalompata mwingine. Naweza kueleza lililonipata mimi, na kwa sehemu kubwa halikuwa jambo lolote. Nilikuwa nimejiandaa kwa mateso, kisha kwa furaha. Mateso yalikuja yakapita. Baada yake hakikuja kitu, na hakuna aliyekuwa amenionya kwamba hicho nacho kina kipindi chake, na kwamba ni kirefu.

Nilikuwa afisa wa kilimo mjini Nyeri. Wakulima walituita Bwana Shamba, jina tulilolirithi kutoka kwa Wazungu pamoja na ofisi zao, nyumba zao na klabu yao. Nilimaliza chuo kikuu miaka michache baada ya uhuru, wakati shahada moja ilipoweza kumfungulia mtu milango ambayo baba yake hakuruhusiwa hata kuigonga. Baba alipokuwa kijana, sheria ilimkataza kununua pombe kali ya Wazungu. Kwa hiyo siku tuliyoingia katika ile klabu, na mhudumu yuleyule aliyewahudumia wao akatumiminia wiski, tuliinua glasi zetu kama watu waliokabidhiwa bendera. Sherehe ya bendera hufanyika mara moja. Sisi yetu tuliirudia kila jioni mpaka tukaanza kuota mvi.

Bangi ilikuja kimyakimya zaidi. Pombe niliinywa na watu. Bangi niliivuta peke yangu, nyuma ya nyumba yangu ya serikali, penye mteremko unaoelekea mtoni. Mwanzoni ilinisaidia kulala. Baadaye ilinisaidia kuvumilia mazungumzo, na mwishowe ikaniondolea haja ya mazungumzo. Mke wangu alirudi kwao Murang'a na watoto katika miaka hiyo. Simlaumu, na habari zake si zangu kuziandika.

Niliacha vibaya. Ijumaa moja baada ya kazi nilifunga mlango, nikamwaga kila kilichokuwa ndani ya chupa, nikatupa ile bangi chooni, nikajilaza kitandani kama mtu anayesubiri basi. Nilianza kutetemeka kwanza mikono, halafu taya. Shuka lililowa jasho. Jumapili mchana niliwaona siafu wakishuka ukutani kwa mistari iliyonyooka, nami nikaanza kuwaelekeza, kwa sauti ya ofisini, wasikanyage miche. Mke wa jirani alinisikia kupitia dirishani akaenda kutafuta gari.

"Ulitaka kujiua?" daktari aliniuliza hospitalini, nilipopata fahamu ya kutosha kujibu.

"Nilitaka kuacha."

"Kwa mtu aliyekunywa kama wewe, hayo mawili hayako mbali. Mwili wako umejengwa juu ya pombe. Ukiing'oa kwa siku moja, nyumba inaanguka. Ungekuja hapa kwanza, tungekushusha polepole kwa dawa."

Alisema hayo bila ukali, akiandika. Nayarudia hapa kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya maelezo yangu ninayoweza kuiita ushauri: aliyekunywa kwa miaka mingi asijifungie chumbani. Aende mahali ambapo kuna mtu anayejua kupima mapigo ya moyo.

Nilipotoka hospitalini mwili ulikuwa umetulia. Ndipo bangi nayo ikadai haki yake. Chakula kilikuwa kama karatasi iliyolowa. Usingizi ulikuja kwa vipande, na ndani ya kila kipande mlikuwa na ndoto nyingi, angavu, zenye watu wengi kuliko niliokuwa nikikutana nao mchana. Niliota nikivuta, nikaamka nikijilaumu, nikakumbuka kwamba sikuvuta, na hata hapo sikupata nafuu. Nilitamani sukari kwa namna ya mtoto. Nilinunua vipande vya miwa sokoni Karatina, kati ya wanawake waliokuwa wakishusha viazi na kabichi kutoka kwenye malori, nikavitafuna nikiwa nimesimama, na suti yangu ya serikali mwilini. Mkulima mmoja aliniamkia kwa heshima kisha akaangalia pembeni.

Yote hayo yalipungua. Kilichobaki ni ule utupu.

Ni vigumu kuuandika utupu bila kuupamba. Haukuwa huzuni, maana huzuni ina uzito, na mtu mwenye huzuni anajua anachokililia. Nilikwenda kazini. Niliwafundisha wakulima kupogoa kahawa na kunyunyizia dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni, nami nilifundisha vizuri kuliko zamani, kwa sababu sasa nilikumbuka nilichokisema wiki iliyotangulia. Asubuhi nyingine mawingu yaliondoka na Mlima ukatokea wote, mpaka kwenye barafu, na watu waliokuwa njiani wakasimama kidogo kama wanavyofanya siku zote, hata waliozaliwa hapa. Nami nilisimama. Niliona mawe na barafu. Nilisimama muda uleule waliosimama wengine, kwa adabu, kisha nikaendelea na safari.

Saa ngumu ilikuwa ile ya kufunga ofisi. Kwa miaka mingi miguu yangu ilikuwa imepanda kilima kwenda klabuni bila kuniuliza. Sasa nililazimika kuipeleka mahali pengine, na mahali pekee nilipopapata palikuwa katika mtaa wa Waislamu, kwenye hoteli ndogo yenye meza za mbao na birika kubwa la chai ya tangawizi. Mwenye hoteli alikuwa mzee ambaye babu yake aliletwa Nyeri kama askari na akaoa msichana wa hapa. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu, Kikuyu chake hakikuwa na dosari.

"Bwana Shamba, leo siku ya tatu mfululizo nakuona," aliniambia. "Rafiki zako wamekufukuza?"

"Wako klabuni."

"Na wewe?"

"Mimi siendi tena."

Alinitazama kidogo, akasukuma sahani ya mandazi. "Basi kaa. Hapa mtu haulizwi anakunywa nini. Tunakunywa chai au tunakwenda nyumbani."

Nilikaa pale jioni nyingi. Baada ya majuma kadhaa rafiki yangu wa klabu, daktari wa mifugo wa wilaya, alinigundua akipita barabarani. Aliingia na mabuti yake yenye tope, akasimama mbele ya meza yangu, mikono kiunoni.

"Ati uko hapa na mandazi! Sisi tumekuwekea kiti yako mpaka imeshika baridi."

"Niko na kiti hapa."

"Hii? Hii ni kiti ama ni mtego ya panya?" Alimgeukia mwenye hoteli. "Mzee, huyu mtu wetu mmemsilimisha?"

"Bado," alisema mzee. "Siku akikubali tutakuita wewe uje na kisu."

"Mimi nafanya ng'ombe peke yake. Na huyu walishamaliza kazi yake zamani, huko mtoni, nilikuwa nyuma yake kwa laini, nikasikia vile alilia."

Hoteli nzima ilicheka, na daktari wa mifugo akacheka kuliko wote, kwa sababu kwetu hakuna tusi linalozidi kuambiwa ulilia siku ya kutahiriwa, na wote walijua ni uongo. Mimi nilijua kwamba kilikuwa kichekesho kizuri. Nilikijua kama mtu anavyolijua jina la mji mkuu wa nchi ambayo hajafika. Nilitabasamu kwa kuchelewa. Rafiki yangu aliona, akanigusa bega, akaondoka. Hakurudi, nami sikuhisi pengo lake. Hilo la kutolihisi pengo ndilo lililonitisha, kadiri nilivyoweza kutishika.

Nilimuuliza daktari wa hospitali kama kuna kitu ndani yangu kilichokufa. Alisema hapana, kwamba kwa miaka mingi niliunyang'anya mwili wangu kazi ya kujifurahisha nikaipa pombe na bangi, na sasa unajifunza upya, polepole. Polepole kiasi gani, hakusema. Leo, miaka mingi baadaye, bado siwezi kuitaja siku uliyomaliza kujifunza. Ninachojua ni kwamba siku ya ruracio mwili ulikuwa bado haujaanza.

Nilikwenda kwa mama majuma mawili kabla ya siku yenyewe. Alinikagua mlangoni, macho, mikono, shati, akaridhika. Akanipa uji, akaanza kunieleza mpangilio: nani atakaa wapi, mbuzi watafungwa wapi, mabenchi yataazimwa kanisani. Akataja pembe kama jambo la kawaida.

Lazima nieleze pembe. Watu wa mchumba hufika na muratina, pombe ya asali iliyochachushwa, nao huja na kibali cha chifu ili wasisumbuliwe njiani. Humiminwa katika pembe ya ng'ombe. Msichana huitwa, akaulizwa mbele ya wote: tuinywe pombe hii? Akikubali, anaonja, kisha anampa baba yake. Baba akinywa, neno limefungwa. Na yule aliyeinywa ndiye baba wa ndoa hiyo maisha yote. Msichana akipigwa huko alikoolewa, nyumba yake ndiyo atakayokimbilia. Mume akija kuomba msamaha, ataomba kwake. Kiti ambacho mama hakutaka mlevi akikalie kilikuwa kiti cha kunywea. Mimi nilikuwa nimelijua hilo tangu utoto, na kwa miezi yote ile sikuyaweka mambo hayo mawili pamoja hata mara moja.

"Mama," nilisema, "sinywi tena."

"Najua. Ndiyo sababu nakupa kiti."

"Ile pembe ni pombe."

"Si pombe." Aliniangalia kama mtu anayemsikia msomi akikosea hesabu ya kujumlisha. "Pombe ni ile ya chupa, na ile ya kupikwa huko mtoni. Muratina ya ruracio ni neno. Baba yako alikunywa ya dada zako wote wawili, na hakuna siku aliyolala mtaroni."

"Baba hakuwa kama mimi."

"Na wewe si kama wewe wa zamani. Umeacha zile ili unywe hii."

Nilimuuliza kama wangekubali uji au soda, kama walivyofanya majirani waliookoka. Alisema watu wa Kangema hawakuokoka, na yeye mwenyewe hakuokoka, na dada yangu hataolewa kwa soda. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Kubishana kunahitaji mtu atake kitu. Nilirudi Nyeri nikijiambia kwamba ningeigusa kwa midomo tu, na kwamba mtu asiyehisi chochote hana cha kuogopa.

Siku ilipofika nilivaa koti la baba. Wageni walikuja kabla ya adhuhuri, wanawake wao wakiimba kwenye kijia, wazee wao wakitembea nyuma na fimbo zao. Walikuwa watu wenye mashamba ya chai, wachangamfu. Nilikaa kitini. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikaa kwenye benchi karibu nami. Mazungumzo yalikwenda kwa mizunguko inayotakiwa: wageni walidai wamepotea njia, sisi tukajifanya tumeamini, wakasema wameona ua zuri ndani ya boma, tukauliza ua gani. Nilijibu yote kama ilivyopasa. Mama, aliyekuwa mlangoni na wanawake wenzake, aliniitikia kwa kichwa mara moja.

Kisha pembe ikajazwa. Dada yangu aliitwa akasimama mbele yetu, kitambaa kipya kichwani. Msemaji wao alimuuliza swali. Alisema, "Inyweni," kwa sauti ndogo lakini bila kusita, akaonja, akanigeukia.

Harufu ilifika kabla ya pembe. Asali, moshi, uchachu. Mate yalijaa kinywani, na papo hapo kila kitu kikarudi. Siwezi kuliweka kwa lugha ya kiasi. Nilimwona dada yangu. Niliona kwamba ana macho ya baba, kwamba anaogopa na ana furaha, kwamba kidole chake kimeungua mahali, labda jikoni asubuhi ile. Nilimpenda mpaka kifua kikauma. Niliwasikia wanawake, niliona mwanga juu ya migomba, niliwapenda hata wale wazee na uongo wao wa kupotea njia. Miezi yote nilikuwa nimengoja kuhisi, na sasa nilikuwa nikihisi, nami nilijua vizuri ni nani aliyeyaleta yale. Hakuwa dada yangu. Mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka.

"Mpe baba mdogo," nilisema.

Hakuelewa. Alizidi kuisogeza.

"Mpe baba mdogo. Mimi sinywi."

Msemaji wa wageni aliinamia fimbo yake. "Mwenye boma amemkataa kijana wetu?"

"Sijamkataa. Nimekubali kwa moyo wote."

"Anayekubali hunywa."

"Labda anataka ile ya chupa," alisema mzee mwingine wao. "Amesoma huyu. Mleteeni glasi!" Watu walicheka kwa shukrani, wakidhani ametupatia njia ya kutokea.

Nilingoja kicheko kiishe. "Mimi ni mlevi," nilisema. "Nililazwa hospitalini. Nikinywa hii, sitaishia kwa hii. Nikimpokea mkwe kwa pembe leo, wiki ijayo atanikuta mtaroni."

"Na nani hapa si mlevi?" aliuliza yule mzee mcheshi, lakini safari hii hakuna aliyecheka, naye akatazama chini.

Walijitenga kando ya ghala, wazee wetu na wao, wakaongea. Dada yangu alibaki amesimama na pembe mikononi, akiishika sawasawa ili isimwagike. Hakunitazama. Mama aliingia jikoni. Waliporudi, baba mdogo alisema nami kwa upole.

"Mwanangu, neno haliwezi kuachwa hewani. Nitainywa mimi. Lakini siwezi kuinywa nikiwa kwenye benchi."

Niliinuka, akakaa. Dada yangu alimpa pembe, akanywa, wanawake wakapiga vigelegele. Nilikwenda kukaa nyuma, karibu na mbuzi, na mtu akaniletea kikombe cha uji. Kufikia wakati huo yale yote yalikuwa yamekwisha kuondoka. Migomba ilikuwa migomba. Nilikunywa uji nikaona kwamba una moto.

Wageni waliondoka jua likiwa bado juu, wakiwa wameridhika. Mama alipita karibu nami na sufuria mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mabenchi ya watu yarudishwe," nami nikaanza na lililokuwa karibu. Lilikuwa refu mno kwa mtu mmoja. Dada yangu alitoka ndani, akiwa amekwisha kubadili nguo, akashika upande wa pili. Tulilibeba kijiani kuelekea kanisani, yeye mbele, mimi nyuma, kwa hiyo aliongea bila kugeuka.

"Nilikuwa nimekupa wewe."

"Najua."

"Baba mdogo simjui. Tunaamkiana tu."

"Ni mtu mzuri."

"Sikusema si mzuri." Tulitembea. "Sasa nikipata shida huko Kangema, ni kwake nitakakokwenda."

"Ndiyo."

"Na wewe utaambiwa baadaye, kama majirani."

"Ndiyo."

Alisimama, nami nikasimama. Nilidhani analia, nikatafuta ndani yangu kitu cha kumpa, nikakuta patupu vilevile kama palivyokuwa hotelini, kama palivyokuwa mbele ya Mlima. Lakini hakuwa akilia. Alikuwa akibadilisha mkono.

"Ulipoikataa," alisema, "ulihisi nini?"

Ningeweza kumdanganya. "Kabla ya kuikataa nilihisi kila kitu," nilisema. "Baada ya hapo, hakuna."

Alianza kutembea tena, akiwa bado amenipa mgongo.

"Inua upande wako," alisema. "Unaburuza."

Niliinua.